Hildesheim: Mji wa Mlango wa Shaba na Mwaridi wa Kale

Mtu akiwaambia kwamba ameona mlango unaofundisha katekisimu, mtasema anatia chumvi. Mimi nimeuona, nami nilisimama mbele yake muda wa saa nzima hata shingo ikaniuma.

Mlango huo uko Hildesheim, mji wa kale wa kaskazini ya Ujerumani, mwendo wa kama nusu saa kwa treni kutoka Hannover. Nilifika huko mwaka jana katika mwezi wa Oktoba, pamoja na wenzangu sita, tulipoalikwa na Wakristo wa parokia moja ya Ujerumani walio rafiki wa parokia yetu. Miongoni mwetu alikuwamo mama mmoja wa WAWATA, mkulima wa mahindi na maharage, ambaye hakupata kupanda ndege tangu kuzaliwa kwake. Padre mmoja wa kwetu anayesoma Ujerumani alikuwa mkalimani wetu. Naomba mnisamehe nikikaa sana penye jambo moja na kupita upesi penye jingine. Mji una mengi, na gazeti lina kurasa chache.

Kwa vipimo vya Ulaya mji huo si mkubwa. Una watu wapatao laki moja. Umekuwa makao ya Askofu tangu mwaka 815, ingawa katika nchi ile ya kaskazini Wakatoliki ni wachache. Watu huenda huko hasa kwa ajili ya makanisa mawili, Kanisa Kuu la Mama Maria na Kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Mwaka 1985 makanisa hayo yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia nzima, kama vile ilivyoandikwa Kilwa Kisiwani yetu.

Mwalimu aliyekuwa Askofu

Mlango ule uliagizwa na Mtakatifu Bernward, Askofu wa Hildesheim tangu mwaka 993 hadi kufa kwake mwaka 1022. Katika ujana wake alisoma shule ya kanisa kuu, na mwalimu wake alikuwa padre aitwaye Thangmar. Baadaye ni huyo Thangmar aliyeandika habari za maisha ya mwanafunzi wake. (Walimu mnaosoma haya, ni wangapi kati ya wanafunzi wetu ambao tutapenda kuandika habari zao?) Anasema kwamba Bernward alikuwa hodari wa kuandika, wa kuchora na wa kufua madini. Naye Bernward akawa mwalimu: alimfundisha mfalme mtoto, Otto wa Tatu, na mwaka 1001 alikwenda Roma kumwona.

Safari ile ya Roma ilizaa matunda. Huko Roma kuna kanisa la Mtakatifu Sabina lenye mlango wa mbao uliochongwa habari za Maandiko Matakatifu, na wataalamu hufikiri kwamba Bernward aliuona. Tena kuna nguzo kubwa ya jiwe ya Kaisari Trajan, iliyozungushiwa picha za vita vyake kutoka chini hadi juu, kama kamba iliyoviringishwa kwenye mti. Askofu aliporudi nyumbani alitaka watu wake waone mambo ya namna hiyo, lakini yenye kumhusu Kristo.

Basi mwaka 1015 ulikamilika mlango wa shaba nyeusi, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na bati na madini mengine. Kwa kweli ni milango miwili inayokutana katikati. Kila mmoja una urefu wa karibu meta 5 na uzito wa karibu tani 2, na kila mmoja ulisubiwa kwa mara moja, kipande kimoja, pamoja na picha zake zote. Fikirini kazi hiyo. Mafundi walifanyiza kwanza mfano wa nta, wakazichonga sura zote humo. Kisha wakaufunika mfano kwa udongo na kuupasha moto hadi nta ikayeyuka na kutoka, wakabaki na kalibu tupu. Ndipo wakamimina shaba iliyoyeyuka. Shaba ikipoa kabla ya kufika kila pembe, au kalibu ikipasuka, kazi ya miezi mingi inakuwa bure. Na hayo yalifanyika miaka elfu iliyopita, kwa kuni, makaa na mivukuto.

Adamu anyosha kidole

Mlango huo una picha 16, nane kila upande. Upande wa kushoto huanza juu na kushuka chini: kuumbwa kwa mtu, Adamu na Eva kukutana, kula tunda, Mungu kuwauliza, kufukuzwa bustanini, kazi ya jasho, sadaka za Kaini na Abeli, na chini kabisa Kaini akimwua ndugu yake. Upande wa kulia huanza chini na kupanda juu: Malaika akimpasha habari Maria, kuzaliwa kwa Yesu, Mamajusi, Yesu kutolewa hekaluni, hukumu yake, Msalaba, akina mama kaburini, na juu kabisa Yesu mfufuka akikutana na Maria Magdalena bustanini.

Yaani upande mmoja watu wanashuka, kutoka bustani ya Mungu mpaka mauaji ya ndugu. Upande wa pili wanapandishwa, kutoka chumba cha Bikira Maria mpaka bustani ya Ufufuko. Tena picha zinaangaliana kwa mstari. Penye mti wa tunda la dhambi, ng'ambo yake upo mti wa Msalaba. Eva aketi akimnyonyesha mtoto wake, na kuvuka upande wa pili, Maria aketi na Mtoto Yesu mbele ya Mamajusi. Chini kabisa Kaini aua, na sawasawa naye Malaika Gabrieli aingia kwa Bikira na habari ya uzima. Zamani zile watu wengi hawakujua kusoma. Katekista aliweza kusimama na watoto mahali pale na kufundisha mwaka mzima, bila ubao wala chaki.

Lakini iliyotushika zaidi ni picha ya nne ya kushoto. Mungu amesimama, amenyosha kidole kwa Adamu. Adamu amejikunja kwa haya, mkono mmoja umeshika jani la kujifunika, na kwa mkono wa pili anamwonyesha Eva. Eva naye, amejikunja vilevile, anaonyesha chini, kwa yule nyoka. Kidole kwa kidole, lawama yapokezana kutoka mtu mpaka mnyama, wala hakuna aliyesema "ni mimi". Mama yule wa WAWATA aliiangalia kimya, kisha akacheka hata akashika kiuno.

"Kumbe ni tangu huko!" akasema. "Baba zetu hamkuanza leo!"

Wanaume tulicheka nusu nusu. Padre alipowafasiria wenyeji wetu, nao wake kwa waume walicheka kama sisi, nikajua kwamba habari za nyumbani ni moja kila mahali.

Chini kidogo ya picha hiyo Adamu yuko shambani na jembe mkononi, naye Eva ananyonyesha chini ya kivuli. Mkulima yeyote wa kwetu angelitambua pigo lile la jembe. Jambo jingine la ajabu ni kwamba miguu ya watu hao imegandamana na shaba ya nyuma, lakini kadiri unavyopanda, mwili unajitokeza, hata vichwa vimeinama nje kabisa kana kwamba wanataka kukuambia neno. Katikati ya milango viko vichwa viwili vya simba vyenye pete mdomoni, ndivyo vishikio.

Nguzo, taji na kisima

Ile nguzo ya Roma nayo haikusahauliwa. Ndani ya kanisa kuu mna nguzo ya shaba ya Bernward, urefu wake meta 3.79, yenye picha 24 zinazozunguka na kupanda. Badala ya vita vya Kaisari utaona matendo ya Bwana wetu, kuanzia ubatizo wake mtoni Yordani hadi alipoingia Yerusalemu siku ya Matawi. Hapo juu ya nguzo palikuwa na msalaba. Msalaba huo uliondolewa katika karne ya 16, wakati wa ugomvi wa dini, ukayeyushwa. Wengine wafanyiza, wengine wayeyusha.

Ukiinua macho katikati ya kanisa, waona taa ya duara kama taji, upana wake karibu meta 6, iliyofanyizwa wakati wa Askofu Hezilo, aliyetawala jimbo hilo miaka 1054 hadi 1079. Ina malango 12 na minara 12, mfano wa Yerusalemu ya mbinguni, na nafasi za mishumaa 72. Kiko pia kisima cha ubatizo cha shaba, cha miaka ya 1220 na kitu. Kimebebwa na watu wanne waliopiga magoti, ndio mito minne ya Paradiso, na kila mmoja anamimina maji kutoka mtungini. Mmoja wao ni Gihoni, ambao kitabu cha Mwanzo chasema wazunguka nchi ya Kushi. Nilipomwambia mama yetu kwamba Kushi ni upande wetu wa Afrika, aliusogelea mto ule akautazama usoni sana.

Dakika ishirini

Sasa niwaambieni jambo lililonikosesha usingizi usiku ule.

Mji tuliotembea ndani yake ni mpya. Ule wa zamani, wenye nyumba nyingi za miti na udongo zilizochorwa na kuchongwa, uliungua siku moja. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 22 Machi 1945, siku tatu kabla ya Jumapili ya Matawi. Mchana ndege za vita za Uingereza na Kanada zilifika na kumwaga mabomu na moto. Haikupita hata dakika 20. Mamia ya watu walikufa, kanisa kuu likabomoka, Kanisa la Mtakatifu Mikaeli likabomoka, na sehemu kubwa ya mji wa kale ikawa majivu. Majuma mawili na siku mbili baadaye, tarehe 7 Aprili, katika juma la Pasaka, askari wa Marekani waliingia mjini, na vita kwa mji huo vikawa vimekwisha.

Haifai kulieleza jambo hilo kana kwamba lilianza na ndege. Vita vile vilianzishwa na serikali ya Ujerumani yenyewe, na mji huohuo mwezi wa Novemba 1938 uliona sinagogi ya Wayahudi ikichomwa moto na watu wa nchi. Wenyeji wetu walitupeleka hata mahali hapo, penye ukumbusho wa jiwe, wala hawakuficha kitu. Niliwaheshimu kwa hilo.

Je, milango ilinusurikaje? Ilinusurika kwa sababu haikuwapo. Zaidi ya miaka miwili kabla ya siku ile, kanisa kuu lilipokuwa bado zima na watu wakisali ndani yake kama kawaida, milango ya Bernward ilishushwa, nguzo yake ikang'olewa, na hazina nyingine za kanisa zikaondolewa. Vikafichwa chini ya ardhi. Fikirini wale wafanyakazi: tani mbili za shaba kila upande, watu na magari ni haba kwa sababu ya vita, na mji haujaguswa. Nadhani hawakukosa wa kuwaambia kwamba wanajisumbua bure.

Katika Kanisa la Mtakatifu Mikaeli ni vivyo hivyo. Kanisa hilo lilianzishwa na Bernward kwa ajili ya watawa wa Mtakatifu Benedikto, naye amezikwa humo. Lina dari ya mbao yenye urefu wa zaidi ya meta 27, iliyochorwa karibu mwaka 1230, vipande 1,300 hivi vya mti wa mwaloni. Picha yake ni ukoo wa Bwana wetu: Adamu na Eva, Yese amelala, mti unakua kutoka kwake, na juu yake Daudi, Solomoni na wafalme wengine, mpaka Bikira Maria na Kristo. Mwaka 1943 dari hiyo ilishushwa kipande kwa kipande na kuwekwa mahali pa salama. Kanisa likapigwa na kubomoka, lakini dari ilikuwa nzima, nayo ilirudishwa baada ya kanisa kujengwa upya.

Mimi ni karani wa parokia, na ndiyo sababu sikulala. Kitabu chetu cha kwanza cha ubatizo, kilichoandikwa kwa mkono na wamisionari wa kwanza, kilikuwa chini ya ulinzi wangu. Nilikiweka katika sanduku la mbao kwenye sakafu ya sakristia. Katekista wetu mzee aliniambia mara mbili, "Karani, mwanangu, pandisha vitabu hivyo juu, masika yaja na mchwa." Nikamjibu, "Ndiyo, mzee, kesho." Masika yakaja. Nilipofungua sanduku nilikuta jalada zuri kabisa, na ndani udongo. Majina ya ubatizo ya miaka tisa yameliwa. Hata leo mtu akija kuuliza habari za babu yake, namwambia "halionekani", nami najua lilipokwenda. Mbele ya picha ile ya vidole nilikuwa nimekwisha kumtafuta mchwa wa kumnyoshea changu.

Juu na chini

Kuna jambo jingine la Mtakatifu Mikaeli ambalo halikosi kumshangaza Mkatoliki wa kijijini. Tangu mwaka 1542 mji ulipopokea mafundisho ya Luther, kanisa la juu ni la Waluteri. Lakini kanisa la chini, chini ya ardhi, penye kaburi la jiwe la Bernward, ni la Wakatoliki. Jengo moja, madhehebu mawili. Tulishuka kaburini tukasali fungu moja la rozari, na tulipopanda tena, mtunza kanisa wa Kiluteri alitungojea na funguo, akatuwashia taa ili tuione dari vizuri zaidi. Alituletea hata kioo kipana chenye magurudumu, ili mtu aangalie chini aone juu, shingo isiumie. Laiti ningalikuwa nacho kule mlangoni!

Mambo mengine nitayataja tu. Kanisa la Mtakatifu Godehard, la karne ya 12, liliepuka moto kuliko mengine, na ukitaka kuona jinsi mji ulivyokuwa, anza hapo. Mnara wa Kanisa la Mtakatifu Andrea una ngazi 364; vijana walipanda, mimi nikabaki na viatu vyao. Katika soko iko nyumba kubwa ya miti ya chama cha wachinjaji, iliyojengwa mwaka 1529, ikaungua mwaka 1945, ikajengwa upya ilivyokuwa katika miaka ya 1987 hadi 1989. Ni nzuri sana. Lakini nilipoigusa mbao yake nilikumbuka kwamba umri wake ni mdogo kuliko wangu, nami sijafika miaka arobaini.

Mwaridi

Mwisho walitupeleka nyuma ya kanisa kuu, katika ua wa ndani. Huko, juu ya ukuta wa duara ulio nyuma ya altare, umepanda mwaridi-mwitu, urefu wake kama meta 10. Watu huuita Mwaridi wa Miaka Elfu. Yasemekana kwamba mwaka 815 Kaisari Ludwig, mwana wa Karolo Mkuu, aliwinda katika msitu uliokuwa hapo. Misa ikasomwa chini ya miti, na padre wake akatundika sanduku dogo la masalia ya Bikira Maria juu ya tawi la mwaridi, akalisahau. Waliporudi kulichukua, halikubanduka. Kaisari akajenga kanisa mahali hapo. Hiyo ni hadithi ya wazee, nanyi mwipokee kama hadithi za wazee zinavyopokewa. Habari zilizoandikwa za mwaridi huo ni za miaka mia nne na kitu. Lakini sanduku lenyewe, la fedha, lenye umbo la nusu duara, lipo hata leo katika hazina ya kanisa kuu.

Siku ile ya moto hakuna aliyeuficha mwaridi chini ya ardhi, maana mti hauhamishwi hivyo. Uliungua pamoja na kanisa, na mawe yakauangukia. Baada ya majuma machache, katikati ya kifusi, machipukizi mapya yalitokea kwenye mizizi. Watu waliokuwa hawana nyumba walikwenda kuyaangalia. Kanisa lilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1960. Likatengenezwa tena kwa miaka minne na kufunguliwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, mwaka 2014. Miaka yote hiyo mwaridi ulikuwa ukipanda ukuta polepole.

Maua yake hutoka mwishoni mwa Mei, meupe yenye wekundu kidogo, na hudumu kama majuma mawili tu. Sisi tulifika Oktoba, tukakuta miiba, majani yanayoanza kugeuka rangi, na vitunda vidogo vyekundu. Baadhi ya wenzangu walisikitika. Mama wa WAWATA hakusikitika. Aliinama akaokota kitunda kimoja kilichoanguka chini, akakipangusa kwa khanga.

"Mama," Padre akamwambia, "mti huu ni wa nchi ya baridi. Kwetu hautaota."

"Ndiyo, Baba," akajibu. Akakifunga katika kitambaa cha rozari yake.